Pasi ya Makaa

Baba alitunza jezi za timu yetu ya mtaa, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, tangu kabla sijazaliwa. Alifua, alishona namba zilizobanduka, alijaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli. Picha za timu ninazo nyingi. Yeye hayumo hata katika moja, maana kila walipopanga mstari alikuwa pembeni, ameshika nguo za wachezaji.

Tarehe 14 Desemba 2010 mvua ilinyesha kutwa. Jezi zilikuwa bado mbichi, na kesho yake tulikuwa na mechi. Jioni hiyo hiyo Mazembe, klabu ya mji wetu, walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, dhidi ya Internacional ya Brazil. Mji mzima ulikuwa mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa napuliza makaa ya pasi. Nilinuna. Baba aliniona, hakusema neno. Akabeba meza na blanketi lake, akaviweka mlangoni pa jirani mwenye jenereta. Tukapiga pasi pale barazani, macho yetu ndani.

Kabangu alipofunga, watu waliruka hadi kiti kikavunjika. Baba aliinua pasi kwanza, akaiweka kando, akapapasa kitambaa kuona kama hakikuungua. Ndipo akapiga kelele, na sijamsikia tena akipiga kelele vile. Kaluyituka akaongeza la pili. Klabu ya Afrika ilikuwa inaingia fainali ile kwa mara ya kwanza, na ilikuwa yetu! Kipa wetu Kidiaba akakaa chini, akaanza kurukaruka kwa makalio kama kawaida yake. Wengine walicheka, wengine walilia. Baba alitazama bukta ya Kidiaba.

"Rangi ya majani haitoki kwa sabuni peke yake," aliniambia. "Kuna mtu pale anaingoja na beseni, mwanangu."

Siku nne baadaye Inter Milan walitufunga 3-0. Hiyo nayo iliniuma, lakini ninachokumbuka zaidi ni usiku ule wa Jumanne. Barabara ilijaa nyeusi na nyeupe, nasi tulibaki na jezi nne. Makaa yakaisha. Namba 9 ilikuwa bado na unyevu kwapani. Baba akaivaa juu ya fulana yake, ikauke kwa joto la mwili, akalala nayo. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona amevaa jezi ya timu, wala sikumwona tena ameivaa.

Alfajiri aliivua, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine ndani ya gunia.