Sanduku limeingia darasani

Leo nimewaleta wazee wa kidumbak, ule muziki wa ngoma wa Zanzibar, darasani kwangu, darasa la nne, na mpaka saa hizi mwili unanisisimka. Mzee mmoja alikuja na sanduku lake: boksi la mbao, fimbo na uzi mmoja tu. Watoto wakamuuliza, "Babu, hilo la kuwekea nini?" Hakujibu. Akauvuta uzi, madawati yakatetema.

Kabla ya hapo tulitoka uani kupasha ngozi za vidumbak, zile ngoma ndogo, motoni, maana ngozi ikilegea ngoma haisemi. Somo la sayansi likajifundisha lenyewe hapo.

Nina mwanafunzi ambaye tangu mwaka uanze hafungui mdomo darasani. Alipewa mkwasa, vile vijiti viwili vifupi, akashika mwendo mpaka mwisho bila kupotea. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, una sikio wewe." Jamani, nililia.

Kidumbak ni cha kwetu, cha harusini, lakini katika skuli nyingi husikika siku ya wageni tu. Inaniuma. Nauli ya wazee tulichangishana walimu. Jumatano wanarudi, na yule mtoto keshaniuliza mara tatu watafika saa ngapi.