Kesi nimeshinda, mfuko umeshindwa

Jamani, leo nimechukua tuzo yangu, yaani uamuzi wa maandishi wa msuluhishi, mtu anayeamua kesi nje ya korti. Amesema kampuni ilikosea kunivunjia mkataba wa kuuza kuku kwa jina lake hapa Nakuru: notisi ya siku 7, ilhali tuliandikiana 90. Nikapiga kigelegele (mume wangu alidhani nyoka ameingia). Kisha nikafika ukurasa wa gharama: kila upande ujilipie.

Mimi nilijua anayeshindwa ndiye hulipa. Kortini ndivyo ilivyo kwa kawaida, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai: gharama hufuata matokeo, jaji asipoona sababu nzuri ya kuamua vingine. Lakini mkataba wangu ulitupeleka kwa msuluhishi, na huko kifungu cha 32B cha Sheria ya Usuluhishi kinamwachia yeye aamue. Tena anaweza kuizuia tuzo mpaka ada yake ilipwe! Niliuza friza mbili na mashine ya kukaangia ili niikomboe.

Fidia ikitoka, sehemu kubwa ni ya wakili. Mashine iko kwa jirani, anakaangia chipsi. Jioni nimenunua za mia. Tamu kweli.