Choo Cheusi cha Bibi

Bibi hakutuambia. Tulijua kwa sababu magoti yalikuwa yamemzidi, hawezi tena kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, na usiku alitumia ndoo chumbani. Asubuhi nilipokwenda kuimwaga nikaona choo cheusi tii, kinang'aa, kinanata kama lami, na harufu yake nzito sijapata kuisikia.

Mama ni mkwe wake. Jambo hilo asingethubutu kumuuliza. Mimi mjukuu nilikuwa na ruhusa ya utani. Hata hivyo Bibi aligeukia ukutani. "Mume wangu, mambo ya uani hayasemwi." Nikambembeleza mpaka akasema: yameanza kitambo, na akisimama anasikia kizunguzungu.

Hospitali ya wilaya nesi alimvuta kope la chini, ndani kumepauka. Akauliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu, maana navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakinuki namna ile. Bibi akafungua fundo la khanga: diklofenaki, dawa ya magoti, aliyoinunua duka la dawa na kuimeza kila siku.

Daktari alitueleza bila haraka, nami namshukuru mpaka leo. Damu inayovuja karibu na njia ya haja kwa kawaida hutoka nyekundu. Ya Bibi ilivuja juu, tumboni, ikachakatwa na asidi na kusafiri utumbo mzima, ndiyo maana ilifika nyeusi. Dawa za jamii ya diklofenaki hupunguza kinga ya utando wa tumbo, na hata anayemeza akiwa ameshiba hayuko salama kabisa, hasa mzee.

Nikamuuliza na rangi nyingine. Kahawia ya kawaida hutokana na nyongo. Kijani mara nyingi ni mboga za majani, au kuharisha kunakopitisha chakula upesi. Choo kilichopauka kuwa cheupe au kijivu, macho yakiwa manjano na mkojo umekolea, huonyesha kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Kwa mtoto mchanga, alisisitiza, hiyo si ya kusubiri: ikiwa mirija ya nyongo imeziba tangu kuzaliwa, upasuaji hufaa zaidi ukifanywa katika wiki za mwanzo.

Wingi wa damu wa Bibi ulisoma 6, chini mno. Baba mdogo na mimi tukajitolea damu, akaongezewa. Hospitali ya rufaa walimwingiza kamera, wakakuta kidonda tumboni pamoja na bakteria wanaokichochea, akapewa antibayotiki na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni.

Magoti bado yanamsumbua. Sasa anatumia parasetamo, na fundi seremala amemchongea kiti chenye tundu, hahitaji kuchuchumaa. Jirani yake, ambaye naye ni mtu wa diklofenaki, ameshahadithiwa yote na Bibi mwenyewe barazani, rangi na harufu, bila kufichwa neno.