MS, mkojo na choo: nilivyojipanga nikiwa Tukuyu

Watu wakisikia nina multiple sclerosis, au MS, huuliza habari za miguu na macho. Mkojo na choo hawaulizi, na ndivyo vilivyotaka kunifungia ndani.

Katika MS kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo, na taarifa za kibofu hupita humo humo. Mimi nilikuwa nabanwa ghafla, nikifika chooni mkojo unatoka kidogo na kukatika, muda si muda nimebanwa tena. Baridi ya Julai ikiingia, usiku silali.

Daktari niliyemwona Mbeya hakukimbilia kuandika dawa. Alinituma nikakojoe, kisha nikapigwa ultrasaundi papo hapo kuona kilichobaki. Kilizidi mililita 100. "Mama, vidonge vya kutuliza kibofu hukilegeza," akasema. "Nikikupa sasa, mkojo utazidi kubaki." Mkojo huo uliolala ndio ulioniletea UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kila mara, na kila UTI ilikuja na homa na miguu mizito, nikidhani MS imepamba moto upya.

Nikafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba, unaoingizwa na kutolewa, si ule wa kukaa na mfuko. Sista alinishikia kioo. Unanawa mikono kwa sabuni, unapaka jeli, unasukuma taratibu mpaka mkojo uanze kutiririka, na huuchomoi mpira mpaka mkojo ukatike wenyewe. "Polepole mama, pumua," alinirudia. Mkono ukishazoea, hakuna cha kuogopa.

Lakini kibofu hakitulii kama choo kimefunga. Hili nalisema kwa mkazo, maana wengi wetu hubana maji kwa hofu ya kujikojolea. Maji yakipungua, choo kinakuwa kigumu, utumbo uliojaa unakandamiza kibofu, na haja ndogo inakuandama zaidi. Hata baadhi ya vidonge vya kibofu hufunga choo. Basi maji nakunywa mchana kutwa, napunguza jua likizama. Chai nimebakiza kikombe cha asubuhi tu, kwa kuwa kafeini huchokoza kibofu; kwa mtu wa Rungwe, tunakoilima wenyewe, hilo lilikuwa gumu kuliko mpira. Parachichi, maharage na mboga za majani havikosi mezani.

Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huamka. Kwa hiyo ndani ya nusu saa baada ya kifungua kinywa naenda kukaa, nimebanwa sijabanwa. Choo chetu ni cha shimo na magoti yangu hayawezi kuchuchumaa, hivyo fundi seremala alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu, akapiga msasa ukingoni na kuweka mikono ya kushikilia. Miguu naipandisha juu ya kigoda, magoti yakae juu kuliko nyonga; choo hushuka bila kukamua.

Safari ya Mbeya natoa mkojo kabla ya kupanda Coaster, nakaa karibu na mlango, na konda namwambia mapema.
"Kaka, mimi mgonjwa, naweza kukuomba msimame."
"Haina shida mama, wewe sema tu."

Mkojo ukiwa na ukungu, ukinuka kuliko kawaida au homa ikianza, napima siku hiyo hiyo, kabla ya kusema MS imerudi.