Kunde kwenye matuta ya viazi vitamu: ziba nyufa kwanza

Kiazi kitamu kilichotobolewa na fukusi hakina soko, hata kama tobo ni moja. Kinapotafunwa hutengeneza kemikali chungu za kujilinda, na uchungu huo haupungui ukikichemsha wala ukikianika kuwa michembe. Mnunuzi wa barabara ya Gairo anajua hilo; akikata kimoja akakuta njia nyeusi, gunia zima linashuka bei.

Wengi wakisikia habari ya kuchanganya mazao ili kupunguza wadudu, hudhani harufu ya mmea jirani ndiyo inayofanya kazi yote. Harufu ina nafasi yake: giligilani imepunguza fukusi kwenye majaribio ya Asia. Ila kwa joto la Dodoma giligilani hukimbilia kutoa maua mapema, na kazi kubwa ya mmea jirani huku ni kuufunika udongo. Fukusi aliyekomaa, mwembamba kama sisimizi, hawezi kuchimba. Anakifikia kiazi kwa kupitia ufa, au kiazi chenyewe kikichungulia nje ya tuta. Jike hutaga kwenye shina karibu na ardhi au kwenye kiazi, na kutoka yai hadi mdudu mkubwa huchukua kama mwezi mmoja wakati wa joto. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Zikikatika, tuta linapasuka huku viazi vikiendelea kunenepa, na hapo ndipo hasara inapoingia.

Kwa hiyo chagua mmea kwa kuangalia unavyofunika, kimo chake na unavyovunwa. Kunde fupi isiyotambaa au choroko vinafaa. Karanga na njugu mawe hufunika vizuri, lakini huvunwa kwa kung'olewa, na ukizing'oa unabomoa tuta kipindi kibaya kabisa. Mtama na mbaazi hutia kivuli, na kiazi kitamu hakipendi kivuli: majani yatastawi, chini utakuta mizizi kama vidole. Maboga usiyaweke kabisa, yatalala juu ya marando, yaani mashina ya viazi yanayotambaa.

Matuta yawe umbali wa mita 1, marando sentimita 30 kwa 30 juu ya tuta. Ekari moja inakula marando kama 13,000. Kata ncha za sentimita 30 kutoka mimea isiyozidi miezi mitatu. Sehemu ya chini ya rando, ile iliyokomaa, ndiyo yenye mayai ya fukusi. Ukiipanda umemleta mdudu mwenyewe, na hakuna kunde itakayokuokoa. Fukia theluthi mbili ya rando.

Wiki mbili baadaye panda kunde, mfereji mmoja ndiyo, mmoja hapana. Weka mbegu 2 kila shimo, sentimita 20 kati ya mashimo, kwenye bega la chini la tuta. Usipande katikati ya mfereji, maana mvua ya huku ikiamua kunyesha hujaza maji na kunde itaoza. Kilo 3 hivi za mbegu zinatosha ekari. Mfereji mtupu una kazi yake: ndiko unakochota udongo wa kupandishia tuta, mara ya kwanza wiki ya nne au ya tano, mara ya pili wiki ya nane. Ukiipanda mifereji yote, jembe halitapata pa kupita na utaacha kupalilia. Kosa hili ndilo linaloua mpango mzima.

Kunde zikikauka, kata shina kwa panga usawa wa ardhi, usiing'oe. Laza mabua juu ya tuta, kisha pandishia udongo laini mahali palipopasuka. Mabonge makavu hayazibi kitu. Fukusi hupita katikati yake. Ng'oa pia viazi vilivyojiotea shamba la jirani na magugu ya jamii ya viazi vitamu yenye maua ya tarumbeta, ndiko anakosubiri.

Kunde nayo ina vidukari na funza wa maganda. Ukipuliza sumu kali kiholela, unaua pia sisimizi na wawindaji wengine wanaokula fukusi. Ukilazimika, puliza kwenye kunde tu, jioni, baada ya nyuki kurudi.

Faida ipime kwa gharama za ziada tu: mbegu, vibarua wa kupanda na kuvuna kunde, na viazi vilivyopungua kwa kugombea maji. Acha matuta 10 bila kunde. Siku ya kuvuna, chukua viazi 100 kila upande, katakata, hesabu vyenye tobo, na pima uzito wa mavuno. Tuseme upande wa kunde umetoa magunia 36 lakini 2 yamekataliwa, na upande mtupu, kwa eneo lile lile, umetoa 40 na 9 yakakataliwa: umebaki na 34 dhidi ya 31, na debe zako za kunde juu yake. Ukikuta viazi vimepungua sana na tofauti ya tobo ni ndogo, kunde zimebanana; mwaka unaofuata ziweke sentimita 30.

Viazi vikikomaa, kama miezi minne kwa aina za mapema, vuna vyote. Kuvihifadhi ardhini hadi Julai kusubiri bei ni kumlisha fukusi.