Mota ya waipa ya Land Rover ya baba haikuwa imekufa

Nilikuwa natoka Pongwe kurudi Tanga mjini, masika yamepamba moto, waipa za Land Rover ya marehemu baba zikafika nusu kioo zikaganda. Gari ni Series III ya mwaka 1974. Fundi wa kwanza aliigusa mota, ikamuunguza, akasema imekufa, anifungie ya mtumba ya Corolla. Nilikataa. Mota ya gari hili husukuma na kuvuta waya mnene wenye meno unaopita ndani ya bomba, na waya huo ndio unaozungusha waipa zote mbili. Kuweka ya Corolla ni kukata bodi, na bodi ya gari la baba silikati.

Nikaenda Ngamiani, hapo hapo Tanga, kwa mzee anayesuka upya waya za mota.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu mpaka tuifungue."

Kabla ya kufungua alikwaruza alama kwa msumari, mstari mmoja kwenye kopo linalofunika mota na kwenye mwili wa mota. Ndani mna sumaku, na kopo likirudi limegeuka, mota huzunguka kinyume. Tulipofungua upande wa gia nikaona ugonjwa wenyewe: grisi ilikuwa imekauka ikawa kama nta ya kahawia, tukaikwangua kwa bisibisi. Mota ilikuwa haijafa, ila ilikuwa inasukuma gundi.

Kaboni zake tatu, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimeisha. Duka la jirani walikuwa na za drili ya umeme wa nyumbani, babu akazikataa: ni ngumu, hazina shaba, na mota ya volti 12 inataka kaboni yenye shaba. Tukatoa nyingine kwenye feni ya rejeta iliyoungua, nikazisugua kwenye msasa karibu saa nzima mpaka zikateleza kwenye vishikio bila kukwama. Vipande vya shaba vya amecha, yaani sehemu inayozunguka, tulivisafisha kwa msasa laini, na mifereji kati yake kwa ncha ya msumeno wa chuma. Bushi, zile pete zinazoshika ekseli ya mota, zikalala usiku kucha kwenye oili.

Waya wa meno nao niliuchomoa, nikauosha kwa mafuta ya taa, nikaupaka grisi mpya. Usiruke hatua hii. Waya huo ukikwama, utaiunguza tena mota uliyoihangaikia.

Kwenye mita, kabla ya kufungua, mota ilikuwa inakula ampea 5 bila mzigo. Sasa haifiki 2. Babu akanyanyua ndoo, akamwaga maji kiooni.

"Washa," akasema.