Aliyetubeba Yuko Mtongwe

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Jumanne jioni nilikuwa nasubiri feri upande wa kisiwani Mombasa, watu tumebanana, kila mtu na mfuko wake, nikaguswa bega. Kumbe ni binti wa mama shemasi wetu wa zamani, yule wa Mtongwe. Tukajuliana hali. Nikamwuliza, "Mama hajambo?" Akaniambia, "Hajambo, mzee. Anawasalimu nyote. Juzi aliniuliza kama kanisa bado lipo."

Hakunisema vibaya. Alifikisha salamu tu. Lango likafunguliwa, tukasukumwa huku na huku, nikampoteza. Mpaka tunafika Likoni nilikuwa naangalia maji.

Mama huyu wengi wenu mnamjua. Mtoto wangu wa kwanza alipolazwa, ndiye aliyekuwa akivuka kila asubuhi na chupa ya uji, wala hakuna aliyemtuma. Sasa sukari imemshika na miguu imekataa. Tangu Februari nasema nitapita. Kutoka Likoni hadi Mtongwe ni matatu moja.

Sasa sikieni jinsi Mungu asivyoniachia. Wiki hiihii nilipangiwa kuwasimulia vijana habari za Desmond Doss, ndugu yetu Mwadventista wa Marekani, aliyekwenda vitani na kikosi cha askari wa miguu akakataa kushika bunduki. Alikuwa tabibu wa kikosi. Wenzake walimcheka, walimrushia viatu akipiga magoti kuomba. Kisha Mei 1945, kule Okinawa, wenzake waliosalimika waliteremka wakikimbia risasi, majeruhi wakabaki juu ya jabali. Doss akabaki nao. Akawaburuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akawafunga kamba, akawashusha, huku akimwomba Bwana amsaidie ampate mmoja tena. Yeye alikisia wamefika 50, wakubwa wake wakasema 100, basi ikaandikwa 75. Rais Truman akamvika Nishani ya Heshima tarehe 12 Oktoba 1945.

Vijana wanaipenda sana sehemu hiyo, hata mimi naipenda. Nilikuwa nimeiandaa na kufunga daftari. Baada ya zile salamu za feri nikalifungua tena, nikasoma yaliyofuata, ambayo huwa tunayaruka.

Baadaye mwezi uohuo, guruneti lilimvunjavunja miguu. Akajifunga vidonda mwenyewe, akangoja kwa muda wa saa tano hadi wabebaji wakaja na machela. Njiani akamwona mwingine aliyeumia kuliko yeye, akajiviringisha chini, akawaambia wamchukue yule kwanza. Akiwa amelala pale akipigwa risasi, mkono ukavunjika. Akachukua kitako cha bunduki akaufungia kama gango (bunduki ile aliyoikataa, Mungu naye ana mzaha wake), akatambaa kama mita 270 hadi kwenye kituo cha matibabu.

Vita vikaisha, lakini mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Kifua kikuu kilimfanya aingie na kutoka hospitali kwa miaka kadhaa, wakamtoa pafu moja na mbavu tano. Mwaka 1976 dawa zikamwua masikio, akaishi miaka kumi na zaidi hasikii kitu mpaka alipowekewa kifaa. Aliaga dunia Machi 2006. Hesabu wenyewe: jabali lilikuwa jambo la saa chache. Maumivu yalikuwa ya miaka sitini.

Ndipo ninapotaka tuumie pamoja, wapendwa. Sisi tunajua kumpigia makofi mtu akiwa juu ya jabali. Akiteremka na miguu imevunjika tunamwandikia "pole sana" kwenye simu, na alama ya mikono inayoomba, basi, tumemaliza. Mwenye nguvu tunampa Dorkas (chama chetu cha kusaidia wahitaji), tunampa jikoni, tunampa wagonjwa, tunampa na funguo za kanisa. Siku nguvu zikiisha tunamtafuta mwingine wa kumpa funguo. Mtunga Zaburi aliliona hili linakuja akalia mapema: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Alimlilia Mungu, na Mungu hajamtupa mtu. Lakini nani wa kwenda kumwambia mama wa Mtongwe kwamba hajatupwa? Malaika? Si ni mimi na wewe, tunaokaa hapa karibu?

Mimi mzee wa kanisa, ninayehubiri kila robo, nimejificha nyuma ya kazi na foleni ya feri miezi yote hii. Ukweli ni kwamba naogopa kumwona hivyo, amelala. Nimezoea kumwona akiwa na chupa ya uji mkononi. Nimetubu, lakini toba ya kukaa kitandani haivuki bahari.

Hata Musa mikono ilimwelemea, na Haruni na Huri hawakumwambia jipe moyo. Walitafuta jiwe akalie, wakaishika mikono yake, huyu huku na huyu kule, hadi jua likachwa.

Sabato hii baada ya chakula nitakuwa Likoni, pale zinapopakia matatu za Mtongwe, saa nane na nusu. Mahamri msibebe, sukari haijashuka. Njooni na kitabu cha nyimbo kimoja tu, cha kwetu sisi. Yeye anazijua zote kwa moyo.